Waliorudi kwa Miguu

Saa 11 alfajiri

Kiza kilikuwa bado kizito, na askari wa farasi wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kusimama kando ya wanyama wao, hatamu mkononi. Ndiyo iliyokuwa desturi tangu wapige kambi karibu na Balaklava, bandari ndogo kwenye rasi ya Crimea: kuamka saa moja kabla ya mapambazuko, kutandika, kusimama, kungoja. Jua likitoka na adui hajaonekana, farasi hupelekwa kunywa maji na watu nao hutafuta cha kutia tumboni. Tarehe 25 Oktoba 1854 adui alionekana. Farasi hawakunyweshwa, na watu hawakula. Naomba msomaji aliweke akilini hilo la njaa, maana litarejea kabla siku haijaisha.

Uingereza, Ufaransa na Dola ya Uthmaniya zilikuwa upande mmoja wa vita vile, Urusi upande wa pili. Washirika walikuwa wameuzingira mji wa Sevastopol, na kila biskuti na kila risasi ya Waingereza ilipitia Balaklava. Mrusi akiichukua bandari hiyo, waliozingira wangegeuka kuwa waliozingirwa.

Mkasa wa siku ile umesimuliwa mara nyingi, na karibu kila msimulizi hupanda pamoja na wapanda farasi. Hushuka nao bondeni kwa kishindo, hufika nao kwenye mizinga, kisha hadithi humwishia hapo. Safari ile ya kwenda ilichukua dakika chache tu. Mimi moyo wangu uko kwa waliorudi, na hasa waliorudi bila farasi. Walipaswa kupita tena njia ileile, sasa kwa hatua za mtu aliyejeruhiwa, na yeyote aliyebaki na mzinga aliweza kuwalenga apendavyo.

Saa 12 asubuhi

Mizinga ya Warusi ilianza kunguruma juu ya vilima vilivyotenganisha mabonde mawili kaskazini mwa bandari. Jenerali Pavel Liprandi alikuja na watu wapatao 25,000. Kwenye vilima kulikuwa na ngome ndogo za udongo zilizojengwa haraka, ndani yake mizinga ya Waingereza na askari wa Dola ya Uthmaniya. Ngome ya kwanza ilistahimili zaidi ya saa nzima peke yake, bila msaada, hadi Warusi walipoingia kwa singe. Walikufa humo watu wapatao 170. Waliosalia walipokimbilia bandarini waliitwa waoga, na jina hilo liliwaganda kwa miaka. Nalitaja hili kwa uchungu. Mtu anayekufa mahali alipowekwa, akingoja msaada ambao hauji, hastahili jina hilo, na wale waliowacheka asubuhi walikuwa na la kujifunza kabla ya adhuhuri.

Warusi wakaiteka mizinga ya ngome zile. Mizinga hiyo hiyo ndiyo iliyoleta balaa lililofuata.

Saa 3 na nusu

Mambo mawili yalipita upesi. Askari wa miguu wa Kiskoti, chini ya Sir Colin Campbell, walisimama safu nyembamba mbele ya bandari na kuwarudisha nyuma wapanda farasi wa Kirusi kwa bunduki. Kisha brigedi ya farasi wazito wa Kiingereza ikapanda mteremko na kuvunja kundi la wapanda farasi wa Kirusi lililowazidi sana kwa idadi. Pambano hilo la pili liliisha ndani ya dakika zisizotimia kumi.

Brigedi ya farasi wepesi iliyaona hayo ikiwa imesimama. Ilikuwa na watu wapatao 670 kutoka rejimenti tano, na kazi yake halisi ilikuwa upelelezi, kubeba habari na kumfukuza adui aliyekwisha kuvunjika. Mkuu wao, Lord Cardigan, hakuondoka mahali pake. Kapteni William Morris, aliyekuwa akiongoza rejimenti ya 17 ya wapiga mikuki, alimsihi awaruhusu wafukuze. Akakataliwa.

Hapa yafaa kueleza farasi alikuwa nini kwa watu hawa. Sheria ya kambi ilikuwa moja: farasi kwanza, mtu baadaye. Askari alirudi kutoka kwenye zamu amechoka hoi, na kabla hajavua buti alimsugua mnyama wake, akamkagua kwato, akamlisha. Walikuwa wamesafiri nao majuma kadhaa baharini kutoka Uingereza, ndani ya matumbo ya meli zilizoyumba, na wengine walikuwa wamewaona wakifa na kutupwa majini. Mtu alimjua farasi wake kwa pumzi, kwa mlio, kwa namna alivyogeuza sikio. Hata mavazi yake yalishonwa kwa ajili ya tandiko: suruali ya kubana, buti ndefu, vyuma visiginoni vya kumchochea mnyama, kitara kirefu kilichoning'inia hadi karibu na kifundo cha mguu. Mtu aliyevaa hivyo akiwa juu anapendeza. Akishuka, kila alichovaa kinamzuia.

Saa 5 kasoro robo

Lord Raglan, amiri wa jeshi la Kiingereza, alikuwa juu ya kilima kilicholitazama bonde, na kutoka huko aliona kila kitu. Aliwaona Warusi wakitaka kuondoka na mizinga iliyotekwa kwenye zile ngome. Akatoa amri: wapanda farasi wasonge mbele haraka na kumzuia adui asiichukue mizinga. Amri iliandikwa kwa penseli, akapewa Kapteni Louis Nolan, mpanda farasi hodari kuliko wote waliokuwapo, akashuka nayo mteremko ambao wengine wasingethubutu kuushuka.

Bondeni, Lord Lucan, mkuu wa wapanda farasi wote, hakuiona mizinga hiyo. Vilima vilimziba. Mizinga aliyoiona ni ile ya Warusi iliyopangwa mwisho wa bonde la kaskazini, karibu kilometa mbili mbele, huku mizinga mingine ikiwa juu ya vilima kulia na kushoto. Akauliza ni mizinga ipi. Nolan, kwa hasira, akanyoosha mkono kuelekea bondeni. Lucan hakuuliza tena. Akaenda kwa Cardigan, ambaye alikuwa shemeji yake, kwani Lucan alimwoa dada ya Cardigan, na wawili hao walichukiana kwa miaka mingi. Cardigan akaeleza kwamba kuna mizinga mbele na pande zote mbili. Lucan akajibu kwamba ni amri ya Lord Raglan.

Wanaume wawili wa familia moja ambao wangeketi dakika tano wakazungumza kama watu wazima wangewaokoa mamia. Hawakuzungumza. Sioni namna ya kulisema hili kwa upole.

Saa 5 na dakika 10

Tarumbeta, kisha mwendo wa kutembea, kisha mwendo wa haraka. Mstari wa kwanza ulikuwa rejimenti ya 13 na ya 17, nyuma yao ya 11, kisha ya 4 na ya 8. Hawajafika mbali, Nolan akapita mbele ya mstari akipiga kelele na kupunga kitara. Huenda alikuwa ameona kwamba wanakwenda njia siyo. Kipande cha kombora kikampiga kifuani. Alikuwa wa kwanza kufa, mtu ambaye alikuwa ameandika kuhusu namna ya kumfunza farasi bila kumtesa. Farasi wake akageuka, akarudi naye akiwa bado juu ya tandiko.

Baada ya hapo ni moto kutoka pande tatu. Farasi ndiye shabaha kubwa zaidi bondeni, na tufe la mzinga likipita chini chini hupiga miguu na vifua vya wanyama kabla ya kuwafikia watu. Mstari ukawa na mapengo, sauti za wakubwa zikisikika zikiwataka watu wasogee katikati. Wakasogea, yakatokea mapengo mengine.

Kuna jambo moja hapa ambalo halinitoki kichwani. Farasi aliyepoteza mtu wake hakukimbilia porini. Alifunzwa kukaa bega kwa bega na wenzake, na hofu ilimsukuma kwao zaidi. Lord George Paget, aliyeongoza rejimenti ya 4, alikuwa amepanda peke yake mbele ya mstari wake, kwa hiyo wanyama waliobaki bila wapandaji walimkimbilia yeye. Katika kumbukumbu zake anasimulia kwamba wakati mmoja walikuwa watano upande wa kulia na wawili upande wa kushoto, wakijibana kwake kila tufe la mzinga lilipodunda na kuchimbua ardhi mbele ya pua zao. Suruali yake ililowa damu ya mbavu zao. Ilimbidi awasukume kwa upanga ili apate nafasi ya kupita. Wanyama wale walikuwa wanatafuta mtu wa kuwaambia waende wapi.

Saa 5 na dakika 18 hivi

Waliobaki juu ya farasi walikuwa wamefika kwenye mizinga na kuingia katikati ya moshi. Nyuma yao, bonde lilikuwa limeanza kujaa watu waliokaa chini.

Albert Mitchell, askari wa kawaida wa rejimenti ya 13, alianguka na farasi wake. Fahamu zilipomrudia, mguu wake wa kushoto ulikuwa chini ya mnyama. Alijaribu kuuvuta, haukutoka. Akasikia ardhi ikitetemeka, akageuka: mstari wa pili ulikuwa unamjia mbio. Alichoweza kufanya ni kupaza sauti, kuwaomba wasimkanyage. Wakampita. Baadaye akafaulu kujinasua, akasimama, na kwa mara ya kwanza siku ile akawa mtu wa miguu.

Katika rejimenti hiyohiyo alikuwamo kijana wa Wrexham, Wales, aliyeitwa Edwin Hughes. Naye farasi wake alipigwa, naye mguu wake ulibanwa chini ya mzoga, na wenzake ndio waliomtoa. Hughes aliishi hadi 1927, akafa Blackpool akiwa na umri wa miaka 96, wa mwisho wa wote walioshuka bonde lile. Kwa hiyo sauti ya mwisho iliyobaki duniani ya mkasa huu ilikuwa ya mtu aliyepoteza farasi.

Saa 5 na nusu

Sasa ndiyo saa ninayotaka kuikalia.

Mpanda farasi aliyeanguka katikati ya bonde ana njia chache, na zote mbaya. Wakosaki, wapanda farasi wa Kirusi wenye mikuki mirefu, walikuwa wanazunguka wakiwamaliza waliolala na kuwakusanya waliosimama. Njia ya kwanza iliyomjia kila mtu ilikuwa kukamata farasi mwingine. Wanyama walikuwepo wengi, wakikimbia na vikuku vikipiga mbavu zao, lakini kumkamata farasi mwenye hofu katikati ya milipuko, ukiwa na jeraha, si kazi ndogo.

William Pennington wa rejimenti ya 11 alipoteza jike lake jeusi na akapigwa risasi mguuni. Alisimama akijua amekwisha, maana aliwaona wenye mikuki wakiwachoma walioanguka. Ikapita rejimenti ya 8, na sajini meja mmoja akamletea farasi wa kijivu asiye na mtu, akampandisha. Pennington alirudi bondeni katikati ya rejimenti isiyo yake, juu ya mnyama asiyemjua jina. Baadaye alikuwa mwigizaji wa tamthilia jukwaani.

Kapteni Morris, yule aliyekataliwa asubuhi, hakubahatika hivyo. Upanga wake ulikwama kwenye mwili wa Mrusi, akajeruhiwa kichwani, akakubali kutekwa, akawatoroka waliomteka. Akamkamata farasi mmoja. Huyo naye akapigwa na kumwangukia. Alijikokota hadi pale maiti ya Nolan, rafiki yake, ilipokuwa imelala, akapoteza fahamu hapo. Waliomtoa ni Sajini Meja Charles Wooden na daktari James Mouat, waliokwenda kumtafuta risasi zikiwa bado zinaanguka.

Mitchell alikuwa anatembea. Lord Cardigan, akirudi, alimpita na kumuuliza farasi wake yuko wapi. Akajibu kwamba ameuawa. Cardigan akamwambia afanye haraka arudi, asije akatekwa. Akapita zake. Sijui nimhukumu vipi kwa hilo. Amri ilikuwa ya kweli, ushauri ulikuwa wa kweli, na mtu aliyeutoa alikuwa juu ya farasi wake, Ronald, ambaye hakupata hata jeraha.

Samuel Parkes wa rejimenti ya 4 alikuwa tarishi wa Lord George Paget, mtu mrefu mwenye miaka mingi jeshini. Farasi wake alipigwa risasi. Karibu naye mkuu wa wapiga tarumbeta, Crawford, aliangushwa na farasi na kupoteza upanga, na Wakosaki wawili wakamwendea. Parkes akasimama kati yao na Crawford, akawafukuza kwa kitara chake. Wakaanza kurudi pamoja, mmoja na silaha, mmoja mikono mitupu. Wakazungukwa na Warusi sita. Parkes akawazuia, akirudi nyuma polepole, hatua moja, pigo moja, Crawford nyuma yake, hadi risasi ilipomnyang'anya upanga mkononi. Hapo wote wawili wakatekwa.

Fikiri hesabu ya jambo hilo. Juu ya farasi, askari yule alikuwa mmoja katika mstari. Mnyama ndiye aliyempeleka, mwendo wa wenzake ndio uliomvuta, hakuwa na la kuamua. Aliposhuka, kila hatua ikawa yake. Angeweza kumwacha Crawford, na hakuna ambaye angemlaumu, maana hakuna ambaye angeona.

Upande mwingine wa bonde, Sajini Meja John Berryman wa rejimenti ya 17, ambaye naye farasi wake aliuawa, alimkuta kapteni wake, Augustus Webb, akiwa amevunjwa mguu na hawezi kwenda. Webb alimwambia ajiokoe. Akamwambia tena. Berryman hakuondoka. Akapita Sajini John Farrell, kwa miguu vilevile, wakambeba wawili. Joseph Malone wa rejimenti ya 13, aliyekuwa akirudi kwa miguu, naye akasimama chini ya moto mkali akamlinda. Walimbeba kadiri maumivu yalivyomruhusu, wakamweka chini, ikatafutwa machela, wakambeba tena. Jeraha lile hatimaye lilimuua Webb. Walijua au hawakujua kwamba atakufa, walimbeba vilevile.

Wafaransa ndio waliowasaidia zaidi wale waliokuwa wakitembea. Wapanda farasi wao waliotoka Algeria walivamia vilima vya kushoto na kuinyamazisha mizinga ya huko. Ubavu mmoja wa bonde ukatulia.

Adhuhuri

Walikuwa wanafika mmoja mmoja, wawili wawili, wengine wameshikana mabega, wengine wakivuta farasi aliyekuwa akichechemea kwa miguu mitatu. Cardigan aliwaambia kwamba lilikuwa jambo la kichaa, lakini kosa si lake. Wakajibu kwamba wako tayari kwenda tena.

Majina yakaitwa. Waliojibu wakiwa juu ya farasi walikuwa 195. Wengine waliongezeka kadiri waliotembea walivyowasili, na kila kichwa kilichojitokeza kwenye upeo wa bonde kilitazamwa na wengi kwa wakati mmoja. Waliouawa walizidi 100, na farasi waliokufa walizidi 300.

Kisha ikafuata kazi ambayo vitabu huipitia kwa sentensi moja. Farasi walioweza kurudi lakini wasingepona walipelekwa kwa mafundi wa kwato. Mafundi hao walikuwa ndio waliowavisha viatu vya chuma, waliowashika miguu yao magotini asubuhi ngapi, na sasa walikuwa na bastola. Milio ikaendelea mchana, mmoja, kimya, mwingine. Askari alimwongoza mnyama wake hadi hapo, akamvua tandiko na lijamu, akarudi navyo begani. Mtu aliyekuwa amepona kwa miguu yake kutoka bondeni alilia hapo.

Alasiri

Waliotekwa walikuwa wapatao 60, na karibu wote walitekwa kwa sababu moja: hawakuwa na farasi tena. Miongoni mwao ni James Wightman wa rejimenti ya 17, goti lake limevunjwa na risasi, risasi nyingine kwenye muundi wa mguu huohuo. Wakosaki walimkokota, kisha wakamsukuma kwa mpini wa mkuki atembee. Hakuweza. Mateka mwenzake aliyeitwa Fletcher, wa rejimenti nyingine, aliyepoteza farasi wakati uleule, akamwambia apande mgongoni kwake. Wightman akapanda. Akiwa pale juu, uso wake karibu na kisogo cha Fletcher, akaona tundu la risasi nyuma ya kichwa cha mtu anayembeba. Akamwambia. Fletcher akajibu kwamba halina neno, hadhani kama ni kitu kikubwa. Akaendelea kutembea. Siku chache baadaye alikufa kwa jeraha hilo.

Nimesoma habari nyingi za vita, na za ushindi, na za mashujaa wenye sanamu mijini. Sijakutana na jambo linalonishinda nguvu kama hilo: mpanda farasi aliyegeuka kuwa mgongo wa mwenzake, akiwa na risasi kichwani, akisema halina neno.

Walipofikishwa mbele yake, Jenerali Liprandi aliwaangalia na kuwauliza walinyweshwa nini. Hakuweza kuamini kwamba watu wenye akili timamu wangekuja moja kwa moja mbele ya mizinga yake. Askari mmoja wa rejimenti ya 17, Kirk, akamjibu kwamba wangenusa tu pipa, sasa hivi wangekuwa wamekwisha kuiteka nusu ya Urusi. Kweli ilikuwa chungu kuliko jibu: tangu alfajiri hawakuwa wameonja hata kipande cha biskuti.

Farasi wazima waliokamatwa bondeni waliuzwa na Wakosaki hapohapo kwa bei ya kutupa.

Usiku

Cardigan alikwenda bandarini, kwenye mashua yake ya kifahari, Dryad, alikokuwa akilala. Majeruhi walishushwa Balaklava kwenye meli za kuwapeleka hospitali ya Scutari, ng'ambo ya Istanbul. Florence Nightingale na wauguzi wake walikuwa bado hawajafika huko. Walifika tarehe 4 Novemba.

Kambini, mstari wa vigingi vya kufungia farasi ulikuwa uleule wa jana. Kwenye vigingi vingi hakukuwa na kitu.

Baada ya siku hiyo

Msimu wa baridi ulimaliza kazi iliyoanzwa na mizinga. Tarehe 14 Novemba 1854 dhoruba ilizamisha meli nje ya bandari, nyasi na nafaka za wanyama zikaenda chini. Farasi walionusurika bondeni walifungwa wazi kwenye tope na theluji, wakatafunana mikia na manyoya ya shingo kwa njaa, wakafa wakiwa wamesimama. Wenye nguvu kidogo walibebeshwa biskuti na risasi kuwapelekea askari wa miguu waliokuwa kwenye mahandaki, na wapanda farasi wa mwezi Oktoba wakawa wanatembea mbele yao, wakiwavuta kwa kamba kwenye tope la magotini.

Mateka walipelekwa ndani ya Urusi, wengi hadi Voronezh. Waliokuwa hai walibadilishwa na mateka wa Kirusi mwaka uliofuata. Parkes alikuwamo.

Katika brigedi ile, watu sita walipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya ushujaa, kwa ajili ya siku ile. Wanne kati yao, Parkes, Berryman, Farrell na Malone, walitunukiwa kwa jambo walilofanya wakiwa kwa miguu. Farrell alikufia India. Malone alikufia Afrika Kusini.

Tarehe 26 Juni 1857, katika bustani ya Hyde Park jijini London, watu 62 walipanga mstari kupokea misalaba ya kwanza kabisa. Parkes na Berryman walikuwamo. Malkia Victoria alikuja akiwa juu ya farasi na hakushuka. Kila askari alisogea, akasimama kwenye nyasi kando ya tandiko, na Malkia akainama kutoka juu kumchomeka medali kifuani.

Parkes alipotoka jeshini alipata kazi ya ulinzi katika bustani ileile. Aliifanya hadi alipofariki 1864, na watu wa London waliokuja asubuhi kupanda farasi zao walimpita langoni.